Pikapu Ikilala Upande, Usinunue Springi Kwanza

Mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mnaojifunza mliojibanza kule nyuma, nianze na aibu yangu mwenyewe. Niliwahi kuijenga upya pikapu ya zamani: chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba bodi, nimeikwangua na kuipaka rangi, bushi mpya (zile raba za kwenye viungio), breki mpya. Nilipoishusha chini nikasogea mbali kidogo niitazame, nikaona imelala. Nyuma kushoto ilikuwa chini kuliko kulia kwa sentimita 2. Nikanunua springi ya nyuma kushoto, ikabaki vilevile. Nikanunua na ya kulia. Mnacheka, lakini pesa zilikuwa zangu! Kosa lilikuwa mbele kulia, ambako sikupima hata mara moja. Ncha ya koili, ile springi ya kujizungusha, haikukaa kwenye kitako chake, ikawa imepanda juu ya ukingo.

Mnajua meza ya miguu minne: mguu mmoja ukizidi urefu, meza nzima huegemea pembe ya mkabala. Chesisi nayo ndivyo. Mbele kulia ikiinuka, uzito unasukumwa nyuma kushoto, na springi ya huko, nzima kabisa, inaonekana kama imechoka.

Basi kipimo kinachotenganisha mbele na nyuma ni hiki. Egesha gari mahali palipo sawa kweli, upepo wa tairi ulingane, tairi ziwe za saizi moja, na mzigo utolewe. Lisukume mbele na nyuma, kisha ulibonyeze kila pembe ili springi zitulie. Weka jeki katikati kabisa ya chuma cha mbele kinachounganisha pande mbili za chesisi, uinue mpaka tairi za mbele ziache kubeba uzito. Asiingie mtu chini, narudia, asiingie. Sasa mbele imesimama juu ya nukta moja, kwa hiyo ulalo wowote unaobaki unatoka nyuma. Nyuma ikinyooka, kosa liko mbele. Ikiendelea kulala, shughulika na nyuma.

Na unapopima, usiamini madigadi. Bodi ya gari lililojengwa upya imekalishwa na mikono yetu wenyewe, na raba za chini ya kebini zinaweza kutofautiana unene. Pima kutoka chesisi hadi sakafuni, halafu kutoka ekseli hadi chesisi. Chesisi ikiwa sawa na kebini imeinama, springi hazihusiki.

Nyuma kwenye springi za bapa, zile za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, angalia kwanza kichwa cha senta bolti, bolti ya katikati inayozishika bapa pamoja, kama kimeingia kwenye tundu lake juu ya ekseli. Kisha hesabu bapa za kila upande. Nimeshakuta 5 huku na 4 kule. Usipopata kitu, badilisha springi, ya kushoto iende kulia. Ulalo ukihama, springi ndiyo mbaya. Usipohama, iache springi. Ila chunguza kabla hujafanya hivyo, maana kuna pikapu zilizotoka kiwandani na springi ya upande mmoja yenye nguvu zaidi, na huenda aliyezifunga alizikosea pande.

Mbele, kama gari lako halina koili bali lina zile fito ndefu za chuma zinazojisokota, soma alama za kushoto na kulia. Jino moja kwenye ncha ya fito likirukwa wakati wa kufunga, kimo kinabadilika sana, na bolti ya kurekebisha huenda isitoshe kulifidia.

Lakini ninalolikuta mara nyingi kuliko yote ni bushi za raba kukazwa gari likiwa bado liko hewani. Mkono wa chini, unaounganisha tairi na chesisi, umening'inia, fundi anakaza mpaka mwisho, raba inashikwa katika hali hiyo. Gari likishuka, raba inasokotwa nayo inasukuma kurudi ilikotoka, pembe inakataa kukaa. Legeza bolti hizo, shusha gari likae kwa uzito wake, libonyeze, ndipo ukaze. Dawa yake haigharimu kitu. Stabilaiza, ile fito inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia, nayo ifungue upande mmoja uone kama ndiyo inayovuta.

Shokapu? Mtu akikuambia gari limelala kwa sababu shokapu zimekufa, mpuuze. Kazi ya shokapu ni kutuliza mtikisiko. Gari linabebwa na springi.

Tofauti ikibaki sentimita 1 kwenye gari la umri huo, mimi naiacha. Lita 60 za petroli peke yake ni kama kilo 45, na tangi mara nyingi liko upande mmoja. Mpandishe na dereva ndipo upime tena.

Kijana aliyeuliza kuhusu kuongeza kipande chini ya koili: inawezekana, ukishamaliza haya yote. Ila koili inakaa katikati ya mkono, si kwenye tairi. Ukiweka kipande cha sentimita 1, pembe inaweza kupanda karibu 2. Anza na chembamba.