Nyumba Inapouzwa, Muuzaji Aache Nini?

Assalaam alaykum, wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu nyote.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo katika mauziano ya nyumba hapa Unguja huachwa mpaka siku ya kukabidhiana funguo, nalo ni vitu gani muuzaji anapaswa kuviacha. Bei huzungumzwa wiki nzima, mashahidi huitwa, sheha hujulishwa, lakini feni ya dari, pampu ya kisima na mlango wa mbele havitajwi na mtu, kila upande ukidhani kwamba jambo lenyewe linajulikana.

Wanazuoni wa madhehebu ya Kishafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa visiwa hivi, walikwishalijadili suala hili karne nyingi zilizopita, na msingi waliouweka unashikika kwa urahisi: kilichojengewa au kupigiliwa huifuata nyumba, na kinachohamishika ni cha muuzaji. Milango iliyosimamishwa, rafu na ngazi zilizopigiliwa misumari huingia katika mauzo. Ndoo ya kisimani na kitanda haviingii. Walifika hata kwenye jiwe la kusagia, wakasema la chini lililojengewa ni la mnunuzi, na kwamba ufunguo wa kufuli lililopachikwa mlangoni, kwa kauli yenye nguvu zaidi, hufuatana na kufuli lake, ijapokuwa ufunguo ni kitu cha kutiwa mfukoni. Naupenda sana mfano huo, kwa sababu unatutaka tuulize pia kama kile kilichofungwa ukutani kitafaa kitu kikiachwa peke yake.

Kwa kipimo hicho, rimoti ya kiyoyozi kilichobaki ukutani, namba ya mita ya TUKUZA, yaani ya umeme wa kulipia kabla, kifuniko cha tangi la maji na funguo za vyumba vyote ni mali ya nyumba. Jokofu, jiko la gesi na kabati lisilopigiliwa ni vyako, vichukue. Feni ya dari imefungwa, basi iache. Ukiitaka, iseme kabla ya kukubaliana bei.

Katika Mji Mkongwe lililo zito kuliko yote ni mlango wa nakshi. Miimo, kizingiti cha juu na mfaa unaosimama katikati vilichongwa kwa ajili ya nyumba ile, na mji wenyewe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Anayeung'oa mlango usiku wa kuamkia makabidhiano, kwa kuwa amepata mteja wa vitu vya kale, anaacha tundu katika ukuta wa mawe na chokaa ambalo mlango wa dukani haulingani nalo, na anamwachia mnunuzi maswali ya kujibu mbele ya Mamlaka ya Mji Mkongwe. Nasema kwa uchungu: asithubutu mtu kufanya hivyo.

Hati nazo zikabidhiwe zote. Kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992, ardhi ya Zanzibar ni ya umma na mtu hupewa haki ya kuitumia, kwa hiyo anayepokea kuta bila karatasi zake amepokea nusu ya alichonunua. Stakabadhi za mwisho za maji na umeme ziwe humo humo.

Kuna jingine ambalo halitiwi katika sanduku, nalo ni habari za nyumba yenyewe. Nyumba niliyonunua mimi, muuzaji aliacha kila kilichofungwa, hata kulabu za bembea, lakini hakunieleza kwamba ukuta wa ukumbi ulipigwa lipu ya saruji juu ya chokaa. Saruji huuzuia unyevu usitoke katika ukuta wa mawe ya matumbawe, na ncha za boriti zilizomo ukutani zilikuwa zikioza bila ya mtu kuona. Nilijua masika ya kwanza, kipande cha lipu kilipodondoka pamoja na vumbi la mti. Siku ya pili mzee mmoja alipita njiani, akaona kifusi mlangoni, akabisha hodi na kuniambia kwamba lipu ile aliipiga yeye, na kwamba boriti mbili za upande wa msala zilikwishaanza kuliwa wakati huo, na mwenye nyumba aliambiwa.