Kuomba Udaktari Uingereza: Kalenda Iliyonikosesha Mwaka Mzima

Habari zenu ndugu watazamaji, na hasa ninyi wadogo zangu mnaosoma fizikia, kemia na biolojia katika kidato cha tano na cha sita huko nyumbani Tanzania. Wengi mmeniuliza nilivyopata nafasi ya kusomea udaktari hapa Uingereza. Leo sizungumzii ufaulu wa darasani, kwani mnajua wenyewe kwamba bila ufaulu safari hii haianzi. Nazungumzia kalenda.

Karibu maombi yote ya shahada ya kwanza hapa hupitia mfumo mmoja uitwao UCAS. Kozi nyingi huendelea kupokea maombi hadi Januari, lakini udaktari hufungwa tarehe 15 Oktoba, saa kumi na mbili jioni kwa saa za hapa, yaani karibu miezi kumi na moja kabla ya masomo kuanza. Na karibu kila chuo cha udaktari hutaka kabla ya tarehe hiyo uwe umeshafanya mtihani wa UCAT, unaofanyika kwa kompyuta kati ya Julai na Septemba, mara moja tu kwa mwaka.

Mimi sikuyajua hayo mapema. Nilimaliza kidato cha sita mwezi Mei, nikaenda JKT kwa mujibu wa sheria, matokeo yakatoka Julai nikiwa kambini, na niliporudi nyumbani Septemba nilikuta zimebaki siku chache tu za mtihani. Niliufanya baada ya kujiandaa kwa siku tisa. Fomu ya UCAS inakuruhusu kuchagua kozi tano, ila zinazoweza kuwa za udaktari ni nne tu. Nilijaza zote nne, na zote nne nikakataliwa. Mama alilia, nami niliumia zaidi kwa sababu nilijua kwamba biolojia yangu haikuwa na tatizo lolote.

UCAT haikuulizi biolojia. Inapima kusoma, kufikiri na kukokotoa kwa kasi: katika sehemu ya ufahamu una maswali 44 kwa dakika 22, nusu dakika kwa kila swali, ukiwa unasoma Kiingereza kizito ambacho hujawahi kukiona. Sehemu tatu hujumlishwa hadi alama 2,700, na ya nne, inayopima busara yako mbele ya mgonjwa na wafanyakazi wenzako, hupewa daraja la 1 hadi la 4. Kasi ya namna hiyo hujengwa kwa miezi, na mwaka wa pili nilifanya mazoezi kila usiku tangu Februari.

Kuna jambo moja jema katika mpangilio huu, nalo ni kwamba unapata alama zako kabla ya kuchagua vyuo. Kila chuo huupa mtihani huo uzito wake, kwa hiyo peleka jina lako mahali ambapo alama ulizonazo zina nafasi. Kabla ya hapo, andikia ofisi ya udahili ya kila chuo uulize kama inakubali cheti chetu cha kidato cha sita moja kwa moja, kwa maana baadhi hudai kwanza mwaka wa msingi, yaani mwaka wa maandalizi kabla ya shahada. Chuo kimoja kati ya vile vinne vya mwanzo hakikikubali kabisa, na jibu hilo ningelipata kwa barua pepe moja.

Wazazi, naomba msikilize hapa. Katika vyuo vingi ada ya mwanafunzi wa udaktari anayetoka nje hupita pauni 40,000 kwa mwaka, na kozi ni ya miaka mitano au sita. Fedha za kuonyesha kwa ajili ya viza hutakiwa zikae benki siku 28 mfululizo, na kipimo cha kifua kikuu ni lazima kwa anayetoka Tanzania.

Mdogo wangu wa mwisho ataingia kidato cha sita Julai hii. Tumeamua asisubiri matokeo kama mimi: atafanya UCAT Agosti, kisha ataomba kabla ya 15 Oktoba kwa makadirio ya walimu wake. Mwalimu wake wa biolojia amekubali kumwandikia barua ya utambulisho, na Jumapili iliyopita kwenye simu mdogo wangu alinisomea majibu ya maswali yake 44. Alitumia dakika 31, na bado tuna miezi minne.