Tumbo la Mzee Halipigi Kelele

(Mhadhara uliotolewa kwa wazee na watunzaji wao, Oli, mjini Arua, Uganda)

Assalamu alaykum, wazee wangu. Na nyinyi mnaosalimiana kwa salamu nyingine, hamjambo. Niliomba kila mmoja aje na dawa anazomeza nyumbani, zote, hata zilizofungwa kwenye kipande cha gazeti. Naona mifuko mingi magotini. Ishikeni, tutaifungua baadaye.

Nimekuwa muuguzi miaka 31, lakini ninalotaka kulisema leo sikulisomea darasani. Nililipata kwa mama yangu mzazi. Magoti yalimsumbua sana. Kila akitoka kupalilia karanga alimeza daiklofenaki, dawa ya maumivu, asubuhi moja, jioni moja. Fedha za wazee zikitoka, zile shilingi 25,000 za mwezi kutoka serikalini, sehemu yake ilikwenda duka la dawa. Muuzaji hakumuuliza umri wala kama amekula. Mimi mwanawe, muuguzi, nami sikumuuliza. Akaanza kuchoka. Akienda kisimani anapumzika njiani mara mbili. Midomo ikapauka. Nikasema ni uzee. Tumbo hakulilalamikia hata siku moja, ila kusema tu kwamba chakula hakimkalii vizuri. Usiku mmoja akaanguka mlangoni mwa choo. Hospitali walimwongezea chupa tatu za damu, maana kidonda tumboni kilikuwa kinavuja kwa majuma mengi. Choo chake kilikuwa cheusi kama lami, kinanata, kina harufu kali. Lakini nani angekiona? Choo chetu ni cha shimo, na mama alikwenda gizani.

Ndiyo maana nasema tumbo la mzee halipigi kelele. Kijana akipata kidonda cha tumbo hujikunja na kulia. Mzee, neva zake za maumivu zimepungua ukali, na dawa ya magoti nayo inayafunika hayo maumivu kidogo yaliyobaki. Utumbo unaweza kutoboka, naye asiwe na homa, akasema tu, "Leo sijisikii." Mtunzaji, neno hilo lisikupite.

Sikilizeni namna dawa hizi zinavyofanya kazi. Ukuta wa tumbo una ute unaoukinga na tindikali inayosaga chakula. Ute huo hutengenezwa kwa msaada wa kemikali iitwayo prostaglandini, na kemikali hiyo hiyo ndiyo inayochochea maumivu na uvimbe kwenye goti. Daiklofenaki, ibuprofeni, piroksikamu, indomethasini na aspirini huizuia. Goti linapoa, tumbo linabaki uchi. Wengine huniambia, "Mimi nachomwa sindano, haipiti tumboni." Wazee wangu, sindano inapita kwenye damu, na damu inafika tumboni. Madhara ni yale yale. Kwa maumivu ya kila siku ya viungo, anzeni na parasetamoli kwa kipimo mlichoandikiwa. Hizo nyingine zikihitajika, ziwe za siku chache, na daktari ajue.

Chanzo kingine kikubwa cha vidonda ni kijidudu kiitwacho Helikobakta pailori. Zamani lawama zote zilitupiwa mawazo na pilipili, mpaka madaktari Warren na Marshall kule Australia walipokiotesha maabara mwaka 1982. Watu walikataa kuamini. Mwaka 1984 Marshall akakinywa mwenyewe, tumbo lake likawaka. Mwaka 2005 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Kijidudu hiki kinatibika kwa antibiotiki mbili pamoja na omeprazo, dawa ya kupunguza tindikali, mara nyingi kwa siku 14, bila kuruka siku. Jambo moja linalowagharimu wengi fedha: kipimo cha damu kinaweza kuendelea kuonyesha alama hata baada ya kupona. Ukitaka kujua kama umepona, pima choo, na subiri angalau majuma manne baada ya kumaliza antibiotiki.

Huniuma kuona mzee ameambiwa aache maharagwe kwa sababu ya "alsa", yaani vidonda vya tumbo, akabaki na chai na mkate. Maharagwe hayaleti vidonda. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Lira kisha hospitali ya Mulago, Kampala, yule aliyeeleza uvimbe wa taya za watoto mwaka 1958, baadaye aliwaambia wenzake wa Ulaya kwamba wanavijiji wa Afrika hawasumbuki na choo kigumu kwa sababu chakula chao kina makapi mengi. Sasa meno yametutoka, tunakula posho nyeupe, yaani ugali, na mandazi, halafu tunashangaa kukaa siku tano bila kwenda haja. Pikeni majani ya kunde yalainike, maharagwe yapondwe, papai liwepo. Na maji. Najua kina bibi wengi hawanywi maji jioni kwa kuogopa kwenda chooni usiku. Basi kunyweni asubuhi na mchana, na vijana wa nyumba mnunulie bibi ndoo yenye mfuniko aiweke chumbani.

Vidonge vya kuongeza damu navyo hufunga choo na kukifanya cheusi, kwa hiyo mwambie daktari kama unavimeza. Baadhi ya dawa za presha pia hufunga choo. Usiziache kwa uamuzi wako.

Yako mambo yasiyongoja kesho. Tumbo limevimba kama ngoma, choo hakitoki wala upepo hautoki: huenda utumbo umejisokota, na kwetu huwapata sana wanaume watu wazima. Msimpe mafuta ya mbarika, msimpige bomba la dawa za miti kwa njia ya haja kubwa. Hospitali. Ngiri iliyokuwa ikirudi ndani sasa imekuwa ngumu na inauma, vivyo hivyo. Nanyi mliokulia kando ya Nile, Rhino Camp, Pakwach, Panyimur, kichocho cha utotoni kinaweza kuwa kimeliumiza ini na kuivimbisha mishipa ya koo la chakula. Kutapika damu ni safari ya hospitali usiku huo huo. Chakula kikianza kukwama kifuani, au mwili ukipungua bila sababu, mwone daktari juma hilo hilo.

Mzee wa pale nyuma anauliza. Anasema chembe cha moyo inambana akipanda kilima, akikaa inaacha, na dawa za kiungulia hazimsaidii. Mzee wangu, kinachouma ukitembea na kuacha ukikaa, mimi naushuku moyo kabla ya tumbo. Nenda kesho wakupime umeme wa moyo. Ukikubana umekaa, jasho likakutoka, usingoje kesho.

Sasa tufungue mifuko. Mama wa leso ya kijani, lete wako kwanza. Hii ni daiklofenaki. Hii yenye karatasi nyekundu ni daiklofenaki pia, jina la kampuni tu ndilo tofauti. Na hii ni ibuprofeni. Unameza zote tatu? Tangu lini, mama? Na choo chako, umekiangalia?