Sajini Putilov na Waya wa Stalingrad

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Jioni hii tumtazame askari mmoja tu: Matvei Putilov, sajini kijana wa Divisheni ya 308 ya jeshi la Kisovieti, divisheni iliyoundwa kule Omsk, Siberia.

Oktoba 1942 alikuwa Stalingrad, mji ambao leo unaitwa Volgograd. Tangu tarehe 14 Wajerumani walikuwa wameelekeza nguvu zao kwenye eneo la viwanda, na divisheni yake ilipigana kwenye kiwanda cha mizinga cha Barrikady.

Putilov alikuwa askari wa mawasiliano. Naomba tusimame hapa kidogo, maana wengi wakisikia hivyo hudhani ni mtu wa kukaa handakini, simu sikioni. Simu za vitani zilitegemea waya uliotandazwa juu ya ardhi. Kombora likianguka, waya unakatika, na kamanda hana tena njia ya kuwafikia watu wake wala kuomba msaada wa mizinga. Lazima mtu atoke. Anatambaa, waya ukipita kiganjani mwake, mpaka afike ulipokatikia, autafute upande wa pili kwenye kifusi, auunge. Na waya hukatika palepale makombora yanapoanguka! Wenzake wanajificha, yeye ndiye anatoka.

Tarehe 25 Oktoba waya ulikatika, Putilov akatoka. Kipande cha kombora kikamjeruhi bega. Akaendelea kutambaa. Mlipuko wa pili ukamvunja mkono. Fahamu zikianza kumtoka, akazikutanisha ncha mbili za waya, akazibana kwa meno. Simu ikarudi. Akafa akiwa amezibana vivyo hivyo.

Kuna wanaouliza kama jambo hilo linawezekana. Linawezekana kabisa. Simu zile mara nyingi zilitumia waya mmoja, umeme ukirudi kupitia ardhini, kwa hiyo ncha za kukutanisha zilikuwa mbili tu, na ncha mbili zinaenea mdomoni mwa mtu. Mimi kinachonikaa moyoni ni wale waliokuwa kwenye simu wakati ule. Kwao laini ilikuwa imefufuka. Maneno yao yalipita kati ya meno ya kijana aliyekwisha kufa.

Nishani ya Vita ya Kizalendo, jina ambalo Wasovieti waliipa vita yao dhidi ya Wajerumani, alitunukiwa mwaka 1968, miaka 26 baadaye, na kuchelewa huko kunaniuma. Wenzake hawakungoja. Gurudumu lake la kuzungushia waya walilifanya tuzo, likawa linakabidhiwa kwa askari wa mawasiliano aliyefanya vyema zaidi katika divisheni.