Nani anachagua lugha ya vibao vya Montréal?

Habari zenu watu wangu, popote mlipo. Leo tuko Côte-des-Neiges, huku Montréal. Ni mtaa wa wahamiaji: ukipanda basi hapa unasikia Kiarabu, Kifilipino, Kihispania, na Kiswahili cha Bukavu na Bujumbura. Sasa tazameni vibao. Kifaransa, Kifaransa, Kifaransa.

Haikutokea hivi hivi tu. Zamani katikati ya mji vibao vingi vilikuwa vya Kiingereza, ingawa wakazi wengi wanaongea Kifaransa; wenye mitaji wengi waliongea Kiingereza. Mwaka 1977 Québec, jimbo la Kanada lenye mji huu, ikapitisha Sheria 101: kibao cha biashara ni Kifaransa tu. Hata duka kubwa la Eaton's likavuliwa ile 's yake ya Kiingereza. Mwaka 1988 serikali ya jimbo ikashindwa kesi ya vibao hivi katika Mahakama ya Juu ya Kanada, ikatumia kifungu cha Katiba kuipiga chenga hukumu. Lugha nyingine ziliruhusiwa kwenye vibao vya nje mwaka 1993, mradi Kifaransa kizizidi waziwazi.

Haya, nasogeza kamera. Dirisha la duka la vyakula: "Épicerie africaine", herufi zimeshiba. Chini kuna karatasi, imeandikwa kwa maka peni: "Sombe na ndagala zipo", yaani kisamvu na dagaa. Juu yake maneno yaleyale kwa Kifaransa, makubwa mara mbili. Mama mwenye duka anajua anachofanya. Mpita njia yeyote anaweza kupeleka malalamiko Ofisi ya Lugha ya Kifaransa, mkaguzi akaja, na faini ya kampuni ni dola 3,000 hadi 30,000.

Lakini tangazo la ibada kwenye mlango wa kanisa, hata likiwa Kiswahili kitupu, ni halali. Sheria inasamehe ujumbe wa dini na siasa usiotafuta faida. Yaani Kiswahili ruksa kukuombea, ila kukuuzia sombe lazima kiwe na msindikizaji!

Kuna wanaoicheka sheria hii. Mimi siicheki, maana soko nalo lina lugha yake. Huko nyumbani vibanda vingapi vimepakwa rangi ya kampuni ya simu au ya soda, jina la mwenye duka likabanwa pembeni? Hapo hakuna mkaguzi. Aliyelipia rangi ndiye aliyechagua maneno. Niandikieni kwenye komenti: kibao cha duka la mtaani kwenu kina lugha gani, na nani alikilipia? Wa Goma na Lubumbashi, nyie hasa nawasubiri.