Posho ya Mheshimiwa

MWANAIDI: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Mnamfahamu Mheshimiwa, paka wangu ambaye kaka Salim hajawahi kumpenda. Wiki hii ameniamsha kila alfajiri kabla ya adhana, tena bila kulia nyau: hunipanda kifuani, huniwekea mguu shavuni akiwa amezificha kucha, kisha hukoroma kwa namna ambayo ndani ya mkoromo husikika kitu kama kilio chembamba.

SALIM: Anadai posho ya kikao.

MWANAIDI: Cheka tu, lakini mtafiti Karen McComb wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, aliandika mwaka 2009 kwamba paka anayetaka chakula huchomeka katika mkoromo wake mzito sauti ya mitetemo takriban 220 hadi 520 kwa sekunde, inayokaribiana na kilio cha mtoto mchanga, na hata watu wasiofuga paka walipousikia mkoromo huo waliuona una haraka zaidi.

SALIM: Ndiyo maana posho hiyo hupita bila mjadala. Hata hivyo, dada Mwanaidi, leo tulipanga kuzungumzia ubongo. Paka wa nyumbani ametokana na kimburu, yaani paka pori wa Afrika, na watafiti waliopima mafuvu mwaka 2022 walithibitisha kwamba ujazo wa fuvu lake ni mdogo kuliko wa kimburu na wa paka pori wa Ulaya, huku machotara wakiangukia katikati. Mimi nasema woga umepungua, na akili imepungua pamoja nao.

MWANAIDI: Woga nakubali, akili sikubali, kwa sababu ujazo wa fuvu hauhesabu seli. Mtaalamu wa ubongo Suzana Herculano-Houzel na wenzake walizihesabu, wakakuta gamba la ubongo wa paka, yaani tabaka lake la nje, lina seli za neva zipatazo milioni 250, na la binadamu bilioni 16. Dubu, ambaye ubongo wake ni mkubwa takriban mara kumi kuliko wa paka, ana idadi inayokaribia ile ile ya paka.

SALIM: Dubu si babu yake paka. Mimi namlinganisha Mheshimiwa na ukoo wake mwenyewe, na katika ukoo huo yeye ndiye aliyepungukiwa.

MWANAIDI: Basi na binadamu wa enzi ya barafu, ambaye kwa wastani alikuwa na fuvu kubwa kuliko letu, alituzidi akili?

SALIM: Alikumbuka njia, wanyama na majira bila simu, sitamdharau.

MWANAIDI: Unakwepa. Paka wazima kwa kawaida hawaliliani nyau. Sauti hiyo humwelekezea binadamu. Kumsoma mtu na kumwendesha kwa sauti ni kazi ya ubongo.

SALIM: Ni tabia ya kitoto aliyobaki nayo ukubwani. Mtoto akilia akapewa maziwa, hatumwiti mwanadiplomasia.

MWANAIDI: Akichagua wa kumlilia, mimi namwita hivyo.

SALIM: Unamtetea kwa sababu ndiye mbunge wako.

MWANAIDI: Fundi mitambo ananionyesha saa. Tulikuwa tumeandaa mafunzo matatu ya kumwelewa paka wako, na hatukugusa hata moja.

SALIM: Naomba ieleweke kwamba sijakubali.

MWANAIDI: Wala mimi sijakubali. Mafunzo hayo hayatawezekana wiki ijayo pia, kwa kuwa tumemwalika daktari wa mifugo kuzungumzia chanjo ya kichaa cha mbwa.