Popo wa Gae Aulenti na meza ya kusukuma

Ndugu watazamaji, habari za huko nyumbani. Leo nimesimama Milano, katika uwanja wa mviringo uliozungukwa na maghorofa ya vioo, ambao ulifunguliwa Desemba 2012 kwa jina la mwanamke aliyefariki wiki chache tu kabla ya hapo, Gae Aulenti, msanifu majengo na mbunifu wa samani wa Italia. Uwanja wenyewe hakuuchora yeye, kwa hiyo tuuache, tuzungumzie taa na meza.

Aulenti alihitimu usanifu majengo katika chuo kikuu cha Politecnico di Milano mwaka 1954, wakati Italia ilikuwa ingali ikijijenga upya baada ya vita, na wanawake katika fani hiyo walikuwa wa kuhesabika. Taa yake mashuhuri ni Pipistrello ya 1965, yaani popo, aliyoibuni kwa ajili ya duka la Olivetti, kampuni ya Italia ya mashine za kuchapa, jijini Paris. Kofia yake ya plastiki nyeupe kama maziwa imekunjamana mfano wa mbawa za popo anayetaka kuruka, na mguu wake wa chuma huvutwa juu kama antena ya redio, kutoka sentimita 66 hadi 86, hivyo taa ileile hufaa mezani na hufaa sakafuni.

Taa hiyo ni nzuri, sikatai, ila mimi nimetekwa na meza ya 1980. Aulenti alikuwa akiongoza ubunifu katika FontanaArte, kampuni ya vioo na taa, akaviona kiwandani vitoroli ambavyo wafanyakazi walitumia kusukumia vioo vizito. Alichukua kioo kinene cha mraba, akakifunga magurudumu manne ya kiwandani kwa chini, na kazi ikaishia hapo. Nimeiinamia dukani (muuzaji akinikodolea macho, nami nikirudisha mikono mfukoni) nikaona kutoka juu kila skrubu, chuma kinachoshika gurudumu, na raba yake nyeusi, kwa kuwa kioo hakisitiri kitu.

Ndiye huyohuyo aliyesanifu upya ndani ya stesheni ya zamani ya reli jijini Paris ikawa jumba la makumbusho la Orsay, lililofunguliwa 1986. Mwaka 1993 akairudia meza yake kwa jina la Tour, mara hii kioo kikibebwa na magurudumu manne ya baiskeli, ambayo fundi yeyote wa Tabora angeyatambua kabla hajaambiwa kuwa ni samani ya sebuleni.